Baba wa Hiba na Ndugu Yake

Katika karne ya 14 ndugu wawili walitawala Kilwa, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliitwa al-Hasan bin Sulaiman, na kwa wingi wa kutoa kwake watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Hiba. Mwalimu wa Kiswahili hatakosa kuona kwamba neno letu "hiba" na lakabu hiyo ya mfalme vimechipuka katika shina moja la Kiarabu. Wa pili aliitwa Daudi, naye alikuwa na mkono wa birika. Tangu siku hizo hata leo wasimulizi wamemsifu wa kwanza na kumbeza wa pili, na wanafunzi wetu, wakisomewa habari zao, humpenda mpaji na kumcheka bahili kabla mwalimu hajafunga kitabu. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki. Swali lilizaliwa kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, lakini lina jamaa zake hapa Bujumbura pia, na msomaji atakutana nao tutakapofika.

Kwanza tuutazame ufalme wenyewe. Kilwa haikutajirika kwa sababu ya rutuba ya ardhi yake. Ilitajirika kwa sababu ya pepo. Jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza na kununua, kisha likarudi kwao kwa kusi bila kulala mwaka mzima ugenini. Bali aliyetaka kufika Sofala, ilikotelemshwa dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe, ilimbidi angoje msimu mwingine. Basi watu wa Kilwa walisimama katikati. Waliileta dhahabu na pembe kutoka kusini, wakapokea nguo, shanga na vyombo vya Uchina kutoka kaskazini, na kila kilichopita kiliacha sehemu yake katika hazina ya mfalme.

Tarikhi ya Kilwa inasema kwamba ufalme ulianzishwa na Ali bin al-Hasan, mtu wa nasaba ya Shirazi, ambaye alikinunua kisiwa kwa mwenyewe. Bei ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Wataalamu wa leo hawaichukui hadithi hiyo kama ilivyo, na Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, aliuweka mwanzo wa ukoo huo karibu na mwaka 1200, nyuma sana ya wakati unaodaiwa na wasimulizi. Lakini hata hadithi isiyo na uhakika huweza kutuambia jambo la hakika juu ya wale walioipenda. Watu wa Kilwa walitaka kukumbuka kwamba wafalme wao wa kwanza walilipa. Wangaliweza kujisifia upanga, kama koo nyingi za kifalme zifanyavyo; wao wakachagua kujisifia biashara.

Mwishoni mwa karne ya 13 ufalme uliwatoka Washirazi ukaingia mikononi mwa ukoo wa Mahdali, uliojinasibisha na masharifu wa Yemeni. Aliyeutwaa ni al-Hasan bin Talut, babu wa ndugu wetu wawili. Ni chini ya ukoo huu Kilwa ilipopanda hadi kilele chake. Abu al-Mawahib alipiga sarafu zenye jina lake, na moja ya sarafu hizo za shaba imepatikana mbali bara, katika magofu ya Great Zimbabwe. Alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja, nyua za kupokelea wageni, na birika la kuogea lenye pembe nane. Alikuwa mtu aliyesoma na kusafiri. Alikwenda Hija, na alikaa Adeni akitafuta elimu.

Katika mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta. Alikaa kwa muda mfupi, na habari zake zikaandikwa mjini Fas mnamo 1355. Ni yeye aliyetuachia kisa ambacho sifa zote za Abu al-Mawahib zimejengwa juu yake, na ambacho yafaa tukisome polepole.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, sultani alikuwa akirejea nyumbani. Njiani alikutana na fakiri mmoja wa Yemeni aliyemwita kwa lakabu yake na kumwomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe papo hapo. Sultani akakubali hilo nalo, akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine na kumpa yule mtu zake. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika, akaenda. Watu wakasifu sana unyenyekevu na ukarimu wa mfalme wao. Kisha mwana wa sultani, aliyekuwa mrithi wake, akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo kisa kinapokomea, na wengi wetu hukomea hapo pia, mioyo ikiwa imefurahi. Hebu tuhesabu. Katika tendo hilo moja vimetolewa vitu vya aina tatu: nguo za sultani, pembe, na watu ishirini. Nguo zilikuwa zake, hapana ubishi. Pembe zilikuwa za ndovu, na ndovu hatakuja kudai. Lakini wale ishirini walikuwa wana wa mtu fulani, na walikuwa na majina ambayo mama zao waliwaita. Nao katika kisa hawana jina, hawana kabila, hawasemi neno. Wametajwa baina ya nguo na pembe, kama kipimo cha ukubwa wa moyo wa mtu mwingine.

Walikotoka hakukufichwa. Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akishambulia nchi za Wazanji wa bara mara kwa mara na kuchukua ngawira. Tena anaeleza kwa kumsifu kwamba alitenga khumsi, ile sehemu ya tano, akaitumia kama sheria ilivyoamuru. Na kwamba fungu la jamaa za Mtume aliliweka katika hazina ya peke yake, hata masharifu waliokuja kutoka Iraki na Hijazi wakalikuta limehifadhiwa. Alikula pamoja na mafukara na kuwaheshimu watu wa dini. Siamini kwamba haya ni uongo wa mgeni aliyelishwa vizuri. Naamini Abu al-Mawahib alikuwa mwangalifu kweli. Ila uangalifu wake ulianzia mlangoni mwa hazina. Mali ikishaingia ndani iligawanywa kwa uadilifu mkubwa, fungu hili huku na fungu lile kule. Bali haki haikutoka nje ya mlango kwenda kuuliza katika vijiji vya bara mali hiyo ilitwaliwa kwa nani.

Nasikia jibu ambalo wanafunzi wangu wakubwa hunipa kila mwaka. Wasema: Mwalimu, zama zile ndivyo zilivyokuwa, si insafu kumhukumu mtu wa karne ya 14 kwa dhamiri ya leo. Jibu hilo lina uzito na sipendi kulipuuza. Lakini si kweli kwamba swali halikujulikana. Zaidi ya miaka mia mbili kabla ya safari ya Ibn Battuta, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa urefu juu ya halali na haramu, na hakusahau kuuliza kama mcha Mungu yafaa apokee zawadi za masultani ambao mali yao imechanganyika na dhuluma. Al-Ghazali alikuwa wa madhehebu ya Shafii, na watu wa Kilwa kadhalika. Swali lilikuwa ndani ya vitabu vya dini yao wenyewe. Ni kweli kwamba yeye hakuulizia utumwa kama tunavyouulizia sisi; lakini kanuni ya kwamba wema wa zawadi hutegemea asili yake ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani, na aliyetaka kuiona angeiona.

Ndipo niwakaribishe wasomaji wetu wa Burundi, ambao katika jambo hili wana ujuzi kuliko watu wa pwani. Kirundi kina kitenzi "kugaba". Kina maana ya kutoa, hasa kumpa mtu ng'ombe. Na kina maana ya kutawala. Wazee wetu hawakuona haja ya maneno mawili. Katika desturi ya ubugabire, shebuja alimkabidhi mtu ng'ombe, na tangu siku hiyo aliyepewa alikuwa na deni lisiloisha: kazi, pombe, ndama, na kufika kusalimu. Kila mtu alijua kwamba kupewa ng'ombe ni heshima, na kila mtu alijua kwamba ni kamba pia. Kiswahili, ambacho kina "kugawa" kilicho jamaa wa karibu wa kitenzi hicho, kimetenganisha mambo hayo: kugawa ni kugawa, kutawala ni kutawala. Kwa hiyo mtoto wa pwani asomapo kisa cha fakiri huona zawadi tu, na mtoto wa Kirundi huenda akauliza haraka zaidi: yule mfalme alipata nini?

Alichopata ni sifa, na kisa kinasema wazi, kwa namna ambayo pengine msimulizi mwenyewe hakuikusudia. Nguo zilitolewa kwa sababu mtu aliomba. Watumwa kumi wa pili na zile pembe zilitolewa kwa sababu watu walisifu. Tofauti hiyo ni kubwa. Tendo la kwanza lilimgharimu sultani joho na aibu kidogo ya kubadili mavazi katika nyumba ya khatibu. Ningependa kufikiri kwamba hilo lilikuwa ukarimu halisi, kwani mtu alijivua chake. La pili halikumgharimu kitu cha mwilini mwake. Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba lile dogo na safi lilitanguliwa kusahauliwa, nguo zenyewe zikarudishwa nyumbani, na kubwa lenye doa ndilo likavuka bahari hadi Moroko.

Mtu wa maziwani hawezi kulisoma neno "watumwa" kama neno la kitabuni. Miaka zaidi ya mia tano baada ya Abu al-Mawahib, njia za misafara zilikuwa zimefika Ujiji na pande zote za Ziwa Tanganyika. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye kwetu anajulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa mzaliwa wa Lindi, jirani ya Kilwa. Alitaka kuitia Burundi mkononi, akarudishwa nyuma na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Lugha tunayoifundisha ilikuja huku kwa njia hizo hizo. Silisemi hili ili kuilaumu lugha, kwani lugha haina mikono. Ila yatupasa sisi walimu, tunapofundisha fasihi ya sifa, tujue kwamba katika historia yetu wako waliosikika kwa kutoa na wako waliotolewa, na kwamba kalamu ilikuwa karibu na wa kwanza.

Sasa turudi kwa Daudi. Ndugu yake alipofariki yeye akashika ufalme, na mambo yakageuka. Mwombaji alipofika, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa miezi mingi wakingoja, kisha wakapewa kidogo, hata waombaji wakaacha kuja. Ibn Battuta anayaeleza haya kwa uchungu wa mtu wa jamii ya wageni, na sisi tumeurithi uchungu wake bila kuuliza. Lakini jibu la Daudi, likisomwa na mtu asiye na haja ya zawadi, laweza kuwa ni hesabu tu: hazina ni tupu. Husuni Kubwa haikupata kumalizika. Wachimbuzi waliona wazi kwamba kazi iliachwa njiani, na jumba lile likahamwa mapema. Mtu akirithi nyumba isiyokwisha na sanduku lisilo na kitu, huku mlangoni wamepanga foleni waliozoea kupewa, atasema nini?

Na kuna jambo jingine, ambalo wenye kumcheka Daudi hawalitaji. Tarikhi ya Kilwa inasimulia kwamba Abu al-Mawahib alipokuwa ng'ambo, Daudi alikaimu ufalme, na kaka yake aliporudi alimkabidhi. Wangapi katika historia ya wafalme, wa Kiislamu au wengine, wamekalia kiti kwa amana na kukirudisha bila damu? Hilo nalo ni kutoa, tena kutoa kikubwa kuliko joho. Halikupewa lakabu.

Hata hivyo nisije nikavuka mpaka kwa kumpenda aliyeonewa. Kufunga mkono si kurudisha. Ubahili wa Daudi haukumwachia huru hata mmoja wa wale ishirini, na mfalme asiyetoa si lazima awe mfalme asiyetwaa. Ninachosema ni kwamba kipimo tulichotumia kuwapima hawa wawili, yaani ni kiasi gani kilitoka mkononi, ni kipimo kibovu, kwa kuwa kinaanza kuhesabu katikati ya safari ya mali.

Kipimo bora nakiona kwa mtu mwingine kabisa, asiyekuwa mfalme. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umeanguka tangu enzi ya Abu al-Mawahib. Ndiyo, katika enzi ya Baba wa Hiba. Na kwa miaka mingi watu walisali katika mahema na vibanda. Mwanzoni mwa karne ya 15, chini ya Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil, mtu mmoja mcha Mungu aliomba ruhusa aujenge kwa mali yake mwenyewe. Sultani akampa mithkali elfu moja za dhahabu. Yule mtu hakuzitaka, lakini aliona kwamba akizikataa hataachiwa kujenga. Basi akazipokea, akaziweka, akaujenga msikiti kwa fedha zake, na sultani alipokufa akazirudisha zote kwa warithi. Msikiti ule, kwa nguzo na kuba zake, wageni huutembelea hata leo. Kama al-Ghazali angalimjua mtu huyu, bila shaka angalimpa ukurasa.

Kuanguka kwa nasaba ya Mahdali hakuna mengi ya kutushughulisha kwa swali letu. Katika karne ya 15 masultani walibaki na cheo, na nguvu zikahamia kwa mawaziri na maamiri. Masultani waliwekwa na kuondolewa, jamaa kwa jamaa wakagombana. Sofala ikalegea. Kufika mwaka 1502, alipotia nanga Vasco da Gama na mizinga yake, mwenye amri Kilwa alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme, na aliyeshika madaraka baada ya Sultani Fudhaili kuuawa. Da Gama alimtisha kwamba ataubomoa mji, akatoza kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi kubwa zaidi la merikebu, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome. Ngome yenyewe Wareno waliiacha mwaka 1512, maana biashara waliyoijia ilikuwa imekwisha kukimbia.

Lakini ile dhahabu ya mwaka 1502 ina habari yake. Ilipelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru sonara Gil Vicente aifue chombo cha ibada kwa ajili ya kanisa. Kazi ilimalizika mwaka 1506, na kwa wasia mfalme akakitoa chombo hicho kwa watawa wa Belém. Leo kimo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini Lisbon: dhahabu iliyopambwa kwa rangi, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia. Mfalme huyo naye alisifiwa kwa zawadi yake. Ila mafundi wake walifanya jambo moja ambalo msimulizi wa Fas hakulifanya. Wakazungusha maandishi kwenye kitako cha chombo, na humo pamoja na jina la mfalme na mwaka wakataja kwamba dhahabu hii ni ya kodi ya Kilwa.